Msajili kakataa Kiswahili, I-20 inaisha Mei: naombeni msaada

Kutoka: Binti Gungu, Indiana

Wakubwa shikamooni, rika langu hamjambo.

Nimekwama. Nilihamia chuo hiki nikitokea chuo cha jamii kule Texas na krediti 60, meja ni biashara, BA. Ni chuo kidogo cha Kikristo, walimu wanakujua kwa jina, na mpaka sasa sikuwa na la kulalamika. Wiki hii nimefungua ukurasa wa kuhakiki digrii, nikakuta mstari mwekundu: lugha ya kigeni, mihula miwili, haijatimizwa. Mengine yote ya kijani: Agano la Kale, Agano Jipya, mafundisho ya imani, falsafa, sayansi yenye maabara, hata ile ya mazoezi ya mwili.

Mshauri wangu wa masomo aliniambia mwaka jana kwamba lugha nitasamehewa kwa kuwa Kiingereza si lugha yangu ya kwanza. Hakuandika popote. Msajili anasema Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia, hakihesabiki, na Kiswahili hawana mtu wa kunipima. Nichague Kihispania au Kigiriki cha Biblia. Hatua ya kwanza ya zote mbili inafundishwa muhula wa vuli tu. I-20 yangu, ile fomu ya chuo inayonipa hadhi ya mwanafunzi wa kigeni, inaisha Mei.

Kuna yeyote ambaye chuo chake kilikubali Kiswahili? Kwa karatasi gani? Na DSO, afisa wa chuo wa wanafunzi wa kigeni, anaweza kuongeza muda wa I-20 kwa sababu kama hii?

Kutoka: Mama Isevya, Minnesota

Marahaba mwanangu, pole sana. Fanya CLEP, mitihani ya kupata krediti bila kukaa darasani. Binti yangu alifanya CLEP ya historia na ya saikolojia, akaokoa ada ya muhula karibu mzima. Unakwenda kituo cha mtihani, unakaa kwenye kompyuta, unatoka na alama yako. Usilie na msajili, hao hawana huruma. Sisi walitusumbua kwa cheti cha kuzaliwa kwamba jina la kati halifanani na la pasi, tukahangaika na RITA na wakili mpaka basi.

Kutoka: Mzee wa Ujiji, Ohio

Dada yangu Mama Isevya, tusimpotoshe mtoto. CLEP ya lugha ziko tatu: Kifaransa, Kijerumani, Kihispania. Kiswahili hakimo.

Anachotakiwa kuulizia ni OPI, mtihani wa kuzungumza wa ACTFL, chama cha walimu wa lugha Marekani. Kiswahili kimo. Ni mahojiano ya simu na mpimaji, anakuchokonoa kwa maswali kuanzia mepesi mpaka akupeleke kwenye hoja nzito, halafu unapewa daraja. ACE, baraza la elimu ya juu Marekani, wanapendekeza krediti kufuatana na daraja hilo. Lakini binti, chuo chenyewe ndicho kinachoamua kuipokea au kuikataa, kwa hiyo usilipe hata senti kabla hujapata barua pepe ya msajili inayosema wataipokea. Barua pepe, si maneno ya korido.

Na mimi niliye Mwislamu nimepita chuo cha namna hiyo hiyo. Wengi mnadhani ni shida. Chapeli ilikuwa ya lazima, unapitisha kadi mlangoni, ukikosa nyingi unaitwa. Nilikwenda, nikakaa nyuma, nikasikiliza kwa heshima. Darasa la Agano la Kale mwalimu alipofika kwa Yusufu na ndugu zake, nilikuwa nakijua kisa chote tangu chuo cha Kurani kwa maalimu pale Ujiji, na nikamweleza yanayofanana na yanayotofautiana. Aliniomba nisimame mbele niwasimulie wenzangu. Watoto wa Kikristo waliolelewa kanisani hawakujua Yusufu anasomwa na sisi. Wale walimu walinitendea haki, na nitalisema hilo popote.

Kutoka: Kaka wa Kasulu, Texas

Mwakeye ndugu zangu.

Mzee, shikamoo, lakini hapo pa krediti panahitaji kunyooshwa. Kusamehewa somo ni kitu kimoja, kupewa krediti ni kingine. Ukisamehewa, ule mstari mwekundu unaondoka, ila hesabu ya jumla haiongezeki. Digrii ni krediti 120 kwa vyuo vingi. Nimeona mtu kafika wiki ya mahafali, kasamehewa lugha na hesabu, anaambiwa ana 114. Joho alishanunua.

Binti Gungu, jumla yako ikifika Mei itakuwa ngapi bila lugha? Tuanzie hapo. Mengine yote ni porojo mpaka ujibu hilo.

Kutoka: Mama Isevya, Minnesota

Porojo? Nimetoa ushauri kwa moyo mweupe. Na CLEP ingemsaidia kwenye hizo krediti za jumla hata kama si za lugha.

Kutoka: Binti Gungu, Indiana

Mama samahani, ushauri wako nimeupokea. Kaka, nikimaliza muhula huu na ujao nitakuwa na 121 bila lugha. Kwa hiyo msamaha peke yake unanitosha. OPI nimemwandikia msajili, kajibu kwamba "itapelekwa kwenye kamati ya mitaala", na kamati haijapangiwa tarehe. DSO yuko likizo.

Kutoka: Mnyamwezi wa Iowa

Mwangaluka wote.

Ulizeni jambo ambalo hakuna aliyeuliza: uko chini ya katalogi, kile kitabu cha kozi na masharti ya chuo, ya mwaka gani? Masharti yanayokubana ni ya katalogi ya mwaka ulioingia chuoni, si ya mwaka huu. Vyuo vidogo vinabadilisha hizi kozi za lazima kila baada ya miaka michache, na ukurasa wa kompyuta mara nyingine umekuwekea katalogi mpya. Chapa kurasa za katalogi yako, nenda nazo mkononi. Vyuo vingine mwanafunzi aliyehamia anahesabiwa kwa mpango wa wahamiaji wenye masharti pungufu, hasa akija na Associate kamili, ile digrii ya miaka miwili. Je, ulikuja na Associate au krediti 60 tu? Hapo kuna tofauti kubwa.

La pili, BS, digrii ya sayansi, mara nyingi haina sharti la lugha, BA inalo. Biashara kwenye vyuo vingi inatolewa kwa sura zote mbili. Ukihamia BS unaweza kukuta lugha imetoka na imeingia takwimu moja, ambayo pengine umeshaisoma.

Nasema haya nikiwa mtu ninayezitetea kozi hizi. Kwetu Form Four inakukata vipande. Mimi nilikuwa HGL (historia, jiografia, Kiingereza) sekondari ya Milambo. Baada ya hapo sikugusa namba, na hao wa PCM (fizikia, kemia, hesabu) hawakugusa historia. Kilichotuunganisha ni GS, somo la maarifa ya jumla, na GS tuliisoma usiku wa kuamkia mtihani. Chuo kikuu nyumbani kuna DS, somo la maendeleo, nayo watu wanaibeba kama adhabu. Huku nikalazimishwa kusoma biolojia yenye maabara nikiwa mtu mzima, nikaweka tone la maji ya bwawa chini ya hadubini, nikaona viumbe vinaogelea. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Shule yangu ya sekondari hadubini ilikuwa ndani ya kabati la mkuu, imefungwa.

Na kozi ya imani na fikra, wakatufundisha Augustino wiki nzima kana kwamba ni mtu wa Ulaya. Nikanyoosha mkono nikasema amezaliwa Thagaste mwaka 354, Algeria ya leo, na uaskofu wake wote alifanyia Hippo, Algeria hiyo hiyo. Ni mtu wa bara letu. Darasa likanyamaza, mwalimu akakubali. Nisingelijua hilo kama si ile maktaba ya mapadri kule Kipalapala, walikokuwa wanatuazima vitabu.

Kutoka: Kaka wa Kasulu, Texas

Kaka, la katalogi sawa kabisa. La BS, taratibu. Asiguse meja wala aina ya digrii bila DSO, kwa sababu I-20 ina namba ya CIP, ya fani unayosoma, na hiyo ndiyo inayoamua mambo ya OPT, ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako, ile ndefu ya STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu. Utawala wa biashara kwa kawaida si STEM, kwa hiyo ni miezi 12 tu ya OPT, lakini akibadilisha vibaya anaweza kujikuta na I-20 isiyolingana na transkripti.

Na sikilizeni nyote: I-20 inaongezwa KABLA ya tarehe kuisha. Ikiisha, imeisha, hapo unaongelea kurejeshewa hadhi, na huko ni kilio. Sababu zinazokubalika ni za kimasomo zenye uzito au ugonjwa wenye vyeti. Kubadilisha meja inakubalika. "Mshauri alinidanganya kwa mdomo" sijui DSO ataiandikaje.

Kutoka: Mzee wa Ujiji, Ohio

Ataiandika kwamba kozi ya lazima haikutolewa muhula wa machipuko. Hiyo ni sababu ya kimasomo, na ndivyo ilivyokuwa kwa mpwa wangu. Kasulu, usimtishe mtoto.

Binti, na kama mwisho wake umebakiza kozi moja tu, muhula wa mwisho hulazimiki kujaza krediti 12, ila DSO aingize kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na hiyo moja isiwe ya mtandaoni. Lazima uingie darasani kwa miguu yako.

Kutoka: Mwalimu, Tabora mjini

Salaam kutoka nyumbani. Nilirudi na digrii ya chuo kama hicho, na huwa nasoma barua zenu kimya kimya, ila leo niseme. Msishughulikie mstari mwekundu tu, angalieni na mbele. Ukitaka ajira ya serikali, tangazo lenyewe linasema aliyesoma nje cheti chake kihakikiwe TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Watataka transkripti, watataka kujua chuo kimethibitishwa na nani. Kikiwa na ithibati ya HLC, chombo kinachothibitisha vyuo huko, njia ni nyeupe. Viko vyuo vya Biblia vyenye ithibati ya ABHE, chombo cha vyuo vya Biblia, peke yake, navyo ni halali kwa kazi yake, lakini jiandae kwa maelezo zaidi. Halafu mwajiri anasoma transkripti ya biashara anaona Agano la Kale, Agano Jipya, mazoezi ya mwili, anauliza: wewe ulikuwa unasomea uchungaji? Nilieleza mfumo wao mpaka koo likakauka. Ombeni maelezo ya kozi, yale ya kurasa nyingi, yenye muhuri, kabla hamjaondoka chuoni. Kuyaomba ukiwa Tabora ni kazi.

Embe zimeiva huku. Barabara nzima ya kuelekea stesheni inanukia.

Kutoka: Mama Isevya, Minnesota

Mwalimu umenitoa machozi. Dodo za Tabora! Huku wanauza jiwe la kijani wanaliita embe. Na samaki wetu mgebuka nimeusahau ladha.

Kutoka: Mnyamwezi wa Iowa

Mimi kinachoniuma ni kitu kimoja. UNESCO mwaka 2021 wameitangaza Julai 7 siku ya Kiswahili duniani. SADC wamekipokea, Umoja wa Afrika wanakitumia, Afrika Mashariki ni lugha rasmi. Leo msajili mmoja anamwambia mtoto wa Kigoma kwamba hakuna wa kumpima. Ubalozi wetu uko Washington. Kwa nini usiwe na barua moja ya kawaida, yenye nembo, inayothibitisha kwamba Mtanzania aliyefaulu Kiswahili cha NECTA, Baraza la Mitihani letu, anaijua lugha ya kigeni kwa Wamarekani? Cheti cha Form Four kina Kiswahili juu yake, kina alama!

Kutoka: Kaka wa Kasulu, Texas

Tutalaumu ubalozi wakati sisi wenyewe nyumbani mtoto akivuka darasa la saba tunamnyang'anya Kiswahili tunamfundisha fizikia kwa Kiingereza asichokielewa? Serikali miaka nenda rudi inasema itabadilisha, haibadilishi. Msajili wa Indiana anatufuata sisi tu.

Kutoka: Mzee wa Ujiji, Ohio

Hilo si kweli, na si mahali pake. Kiswahili kinafundishwa Form One mpaka Form Six, watu wana kombi ya HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza). Lakini hoja ya cheti cha NECTA ni nzuri. Binti Gungu, CSEE yako, cheti cha Form Four, ilipofanyiwa tathmini na WES au ECE, mashirika ya kutathmini vyeti vya nje, walitoa ripoti ya kila somo au ya jumla? Kama ni ya kila somo, Kiswahili kimo mle na alama yake. Ambatisha kwenye petisheni ya kamati. Na Form Six yako waliihesabu kama sekondari tupu? Kuna vyuo vinatoa krediti kwa principal pass.

Kutoka: Binti Gungu, Indiana

Shikamoo Mzee. Ilikuwa ya jumla. Nimeomba ya kila somo leo. Nilikuja na Associate kamili, nimemwambia msajili, anasema atatazama. DSO bado hajarudi.

Kutoka: Baba Wawili, Kansas

Wapendwa, nimefuatilia. Kijana wangu anamaliza Form Six Tabora Boys mwakani, EGM (uchumi, jiografia, hesabu), na chuo kimoja cha Kikristo huku kimempa nusu ada. Wameniuliza aingie BA au BS, na katalogi yao ina kurasa zaidi ya mia mbili. Mnyamwezi, nikikutumia hiyo katalogi utanisaidia kuipitia? Na Mwalimu, hayo maelezo ya kozi yenye muhuri yanaombwa kwa msajili au kwa idara?