Kozi za kuchora mimea kwa rangi za maji: tunapigwa mchana kweupe

Wakuu, leo nimekuja na hasira hivyo mnivumilie. Hizi kozi za wikiendi za kuchora mimea na matunda kwa rangi za maji zilizojaa hapa Dar ni upigaji. Najua atatokea mtu kusema yake ilikuwa nzuri, hongera zake, mi naongelea niliyoilipia na nyingine ambazo washkaji wangu wamepitia, habari ni ile ile.

Unaambiwa vifaa vipo ndani ya ada. Unafika, unapewa karatasi ya fotokopi. Gramu 80 (uzito wa karatasi kwa mita moja ya mraba)! Jamani karatasi ya rangi za maji ukitaka isikunjamane ovyo unatafuta gramu 300, na ile nzuri ni pamba tupu, imetiwa jelatini ili maji yakae juu kidogo uyasukume na brashi kabla hayajazama. Hii ya fotokopi ukidondosha tone inalinywa hapo hapo, inajikunja, rangi inakimbilia mabondeni, ukirudia na brashi inatoa vinyuzi. Mtu unahangaika na mishipa ya jani la mpera, rangi imeshatapakaa, mwalimu anapita nyuma yako anasema "mkono wako bado mzito". Mzito nini! Yeye mwenyewe hakuigusa ile karatasi, alikuwa na ya kwake nene laini kwenye begi, nimeiona kwa macho yangu.

Ila karatasi ningemezea. Kinachoniuma ni kwamba kwenye kozi ya kuchora mimea HAKUNA MMEA. Wala tunda. Tumetumiwa picha kwenye grupu la WhatsApp, tulipu, stroberi, matufaha, chora. Tupo Dar jamani, nje ya geti kuna mkungu umejaa majani mekundu na ya kijani kwenye tawi moja, Buguruni ukienda na elfu tano unarudi na matunda ya darasa zima, sisi tumekodoa macho kwenye simu tunachora tulipu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuishika.

Siku mwalimu alipoamua kutuletea "kitu cha nyumbani" ndo ikawa vituko. Kachora bibo, korosho kaiweka JUU, kwenye kikonyo, kama kofia. Dada mmoja wa Mtwara akashindwa kujizuia akacheka, akamwambia mwalimu, korosho inaning'inia chini, upande wa pili wa kikonyo, nje kabisa. Mwalimu akajibu hiyo ni staili yake ya usanii. Staili gani sasa, uchoraji wa mimea maana yake mtu akiiangalia picha aujue mmea! Joy Adamson, yule mama aliyemlea simba jike Elsa, kabla ya mambo ya simba alikuwa anazunguka Kenya na mumewe wa wakati huo Peter Bally, mtaalamu wa mimea, anachora maua yaliyochumwa hapo hapo porini, na mwaka 1947 Royal Horticultural Society ya Uingereza wakampa medali ya dhahabu kwa kazi hiyo. Angewapelekea bibo lenye kofia wangempa?

Halafu embe. Kila mtu kapewa tyubu ya rangi nyeupe eti ya kupaka mng'aro mwishoni. Hapana bwana. Kwenye rangi za maji nyeupe ni karatasi yenyewe, ile sehemu inayong'aa kwenye shavu la embe dodo unaiacha tupu toka mwanzo, unapitisha njano nyepesi pembeni yake, unasubiri ikauke KABISA, ndo unakuja na kijani, ndo wekundu wa begani. Ukipaka nyeupe nzito juu, embe linaonekana limemwagiwa unga. Mambo haya nimejifunza bure YouTube, baada ya kulipa.

Na rangi zenyewe ni za watoto wa chekechea, hazina hata namba ya pigimenti (ule unga unaotoa rangi) kwenye tyubu. Namba hiyo ndo inakwambia unanunua nini, mfano ukiona PR83 unajua wekundu huo ukikaa kwenye mwanga utapauka, zetu hata hilo huwezi kujua.

Nimeomba nirudishiwe hata nusu ya hela, nikajibiwa "ada hairudishwi", nikatolewa kwenye grupu. Cheti wamenitumia lakini, kina picha ya tulipu.

Mwenye kujua duka Kariakoo au Posta wanapouza karatasi ya pamba gramu 300, ile laini isiyo na vinundu, kwa shiti moja moja sio bloku nzima, aweke hapa pamoja na bei. Na nyie mnaonifuata inbox kuniuzia kozi nyingine, picha ya meza yenu ya darasa kwanza, nione kuna nini juu yake.