Acheni kusema kadi ya PCMCIA "imekufa" kabla ya kusoma dmesg

Wakuu,

Kila anayeuliza kwa nini kadi yake ya PCMCIA (zile kadi bapa zinazochomekwa ubavuni mwa laptop za zamani) haionekani kwenye Linux anajibiwa vilevile: "Kadi imekufa mkuu, tafuta nyingine." Au aambiwe apige mfumo upya. Hakuna anayemwomba hata mistari kumi ya dmesg, yaani ujumbe wa keneli (kiini cha Linux). Matokeo yake watu wanatupa kadi nzima za seriali, zenye UART halisi (chipu ya porti ya seriali), na kuna programu za zamani zinazoongea na porti moja kwa moja ambazo adapta ya USB haiziwezi. Inaudhi sana!

Kadi haiongei na keneli yenyewe kwa yenyewe. Katikati pana kontrola, yaani daraja la CardBus (aina ya biti 32 ya kadi hizi) lililokaa kwenye PCI, njia ya data ya ndani ya mashine, na draiva yake ni yenta_socket. Daraja likikwama, draiva ya kadi haiitwi kabisa, hata uisakinishe mara mia. Washa mashine kadi ikiwa ndani, kisha:

dmesg | grep -iE 'yenta|pcmcia|socket status|hidden'

Tafuta "Socket status" na usome namba iliyo mbele yake. 30000006 maana yake pini zote mbili za kutambua kadi ziko wazi, kontrola inaona tundu tupu. Kama kadi imo na bado unapata hiyo, hapo ndipo una haki ya kuishuku kadi, au pini iliyopinda ndani ya tundu. Ziko 68, mulika na tochi. 30000410 ni kadi ya biti 16 ya volti 5. 30000820 ni CardBus, biti 32, volti 3.3. Ukiona mojawapo ya hizi mbili, kontrola imeshaitambua kadi na aina yake. Mtu akileta 30000820 mkamwambia kadi imekufa, mnampotosha.

Kwa CardBus, kosa mara nyingi ni la BIOS. Kwa mfano, daraja limepewa basi (njia za PCI) namba 03 hadi 06, lakini daraja mama lililo juu yake limeishia 02. Basi 03 haifikiki, na kadi iliyo nyuma yake haionekani kwenye lspci, amri ya kuorodhesha vifaa vya PCI. Kinachokera ni kwamba keneli huisema shida hii waziwazi: utakuta maneno "hidden behind transparent bridge", na keneli nyingi zinaongeza dawa palepale: pci=assign-busses. Kwenye Debian iweke katika GRUB_CMDLINE_LINUX ndani ya /etc/default/grub, endesha update-grub, washa upya. Halafu angalia lspci -v: "subordinate" (namba ya basi la mwisho) ya daraja mama, kwa mfano huu, lazima ifike 06 au zaidi.

Kadi za biti 16 zina ugonjwa wao. "unable to map card memory" maana yake keneli imekosa dirisha la memori la kusomea CIS, yaani maelezo ambayo kadi inajitambulisha nayo. Fungua /etc/pcmcia/config.opts. Mafaili mengi yana mstari wa 0x60000000-0x60ffffff, na anwani hiyo ni GB 1.5. Mashine ikiongezwa RAM hadi GB 2, dirisha hilo linaangukia ndani ya RAM! Linganisha na /proc/iomem, orodha ya anwani za memori zinazotumika, kisha weka eneo lililo wazi, kwa mfano:

include memory 0xa0000000-0xa0ffffff

Na kama mashine inaganda kabisa pale PCMCIA inapoanza, ni upekuzi wa porti (keneli ikijaribu anwani kutafuta zilizo wazi) unaogusa kifaa kingine. Ongeza "exclude port 0x800-0x8ff" kwenye faili hilohilo.

Kadi ikitambuliwa lakini data haipiti sawasawa, jaribu kupakia yenta_socket kwa chaguo la disable_clkrun=1. Hilo ni la mwisho, baada ya hayo ya juu.

Kingine: acheni kubandika maelekezo ya cardmgr, huduma ya zamani ya kusimamia kadi hizi. Tangu keneli 2.6.13, mwaka 2005, kazi hiyo iko kwa udev na pcmciautils. Amri ni pccardctl status, pccardctl ident, na pccardctl eject kabla ya kuchomoa. Anayeanza anapoteza siku nzima akitafuta huduma ambayo haipo tena kwenye mfumo wake.

Mods, ule uzi wa cardmgr uliopachikwa juu ushusheni leo. Na mwenye kadi inayogoma alete hapa matokeo ya ile amri ya dmesg, lspci -v nzima, na pccardctl ident. Bila hivyo vitatu, asijibu mtu.