Mmenifungia ruta yenye mlango wazi, halafu mnaniambia simu zetu zina virusi

Wakuu, mnisamehe, uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Jina la kampuni ya intaneti iliyonifungia ruta silitaji. Wao wenyewe wakipita hapa watajijua.

Ilianza kama utani wiki tatu zilizopita. Mke wangu anafungua ukurasa wa habari, unakuja wa kamari. Anarudi nyuma, anafungua tena, safari hii unakuja sawasawa. Kesho yake binti yangu yupo kwenye kazi za shule, katikati kinaibuka kidude: "Kifaa chako kina virusi 13, bonyeza hapa." Nikamfokea, eti kabonyeza vitu asivyovijua. Mwanangu, popote ulipo kwenye hiyo tableti, baba anaomba radhi.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada wa kwanza, ambaye nina hakika alikuwa anasoma karatasi, akaniambia nizime ruta, nihesabu hadi 30, niwashe. Nikazima. Nikahesabu. Nikawasha. Kamari ipo palepale. Nikapiga tena, nikapewa kaka mmoja mwenye sauti ya upole: "Mteja wetu mpendwa, laini yako huku tunaiona iko vizuri kabisa. Simu zenu zina virusi." Zote? Simu tatu, laptopu na tableti ya mtoto, vyote vimeugua siku moja kama watu waliokula sufuria moja?

Na mimi zuzu nikamsikiliza. Nikafuta simu yangu nikaanza upya, picha kadhaa zimekwenda na maji. Nikachukua laptopu nikapiga Windows upya, Jumamosi nzima imeishia hapo. Ilipomaliza ilikuwa tupu, hata programu moja sijaweka. Nikafungua kivinjari kwa mara ya kwanza, nikaandika anwani ya ukurasa wa habari. Kamari. Nilikaa naitazama ile mashine dakika mbili nzima bila kusema kitu.

Hapo ndipo akili iliponirudia. Nikawasha hotspoti ya simu, nikaiunganisha laptopu ileile, nikafungua kurasa zilezile kama kumi hivi. Safi zote. Nikarudi kwenye Wi-Fi ya nyumbani, uchafu umerudi. Kifaa ni kilekile, kilichobadilika ni njia tu. Kwa hiyo mgonjwa si simu wala laptopu, mgonjwa ni ruta. Kipimo hicho ni cha dakika tano, na kampuni nzima iliyojaa watu waliosomea mitandao haikuona umuhimu wa kuniambia nikifanye kabla sijafuta picha za familia.

Nikaamua kuingia kwenye ruta yenyewe. Anwani ya kuingilia na neno la siri la kiwandani kwa kawaida huwa kwenye kibandiko cha chini. Nikaipindua, nikawasha tochi. Nakuta nini? Kibandiko cha fundi aliyekuja kuifunga, kina namba yake ya simu na maneno "Kwa kazi za kamera, dishi na intaneti piga hapa". Kakibandika juu ya kile cha kiwanda! Nikaanza kukibandua kwa ukucha, polepole, kona moja baada ya nyingine, na bado nusu ya maandishi ya chini yaking'oka nacho. Yakabaki "192.168.1" na neno lililoanza na "ad".

Nikaandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari, ukurasa ukafunguka. Jina: admin. Neno la siri: admin. Nikaingia. Wakuu, ningekataliwa ningefurahi zaidi.

Ndani humo sasa. Orodha ya vifaa vilivyounganishwa: 11. Sisi tuna vitano. Kimoja kati ya vile sita kimejiita kamera-ya-geti, na mimi kamera sina, ya geti wala ya popote. Neno la siri la Wi-Fi ni 12345678, fundi ndiye aliyeliweka, na siku ile aliniambia "utabadilisha mwenyewe ukipenda" huku akikunja waya wake aondoke. Abadilishe nani, wapi, kwa kibandiko kipi?

Halafu nikafika sehemu ya DNS. Kwa asiyeijua: kompyuta hazifuati majina ya kurasa, zinafuata namba. Ukiandika jina, kifaa chako kinaiuliza DNS "huyu anakaa wapi?" nayo inajibu kwa namba. Kifaa hakimjui wa kumuuliza, kinaambiwa na ruta. Sasa kwenye ruta yangu zilikuwemo namba mbili zilizoandikwa kwa mkono, si zangu na si za kampuni (niliwauliza, wakakana). Yaani kila mtu nyumbani alikuwa anauliza njia kwa mwizi, na mwizi anamfikisha anakotaka yeye. Hakuna kirusi ndani ya simu yoyote. Ndiyo maana kufuta na kupiga Windows hakukusaidia kitu.

Na hapa mnisikilize vizuri. Wiki ile ukurasa wa benki nao ulikuwa unagoma. Kivinjari kinatoa onyo kwamba muunganisho si salama, cheti (kile kitambulisho cha ukurasa) hakilingani na jina. Nilikuwa nakikasirikia kivinjari, mara mbili nusura nibonyeze "endelea hivyo hivyo". Kumbe katika nyumba nzima ndicho pekee kilichokuwa upande wangu.

Mlango aliopitia mwizi, chagua unaoutaka, maana yote ilikuwa wazi. Usimamizi wa mbali ulikuwa umewashwa, maana yake ule ukurasa wa admin na admin ulikuwa unafunguka kutoka popote duniani penye intaneti. WPS nayo (ile njia ya mkato ya kuunganisha kifaa kwenye Wi-Fi kwa kitufe au PIN, bila neno la siri) imewashwa, na hii inaniuma kwa sababu ni kosa la kale. Mwaka 2011 ilishawekwa hadharani kwamba ile PIN yake ya tarakimu nane ni ya kuigiza tu: ruta inakuambia kama nne za kwanza ni sahihi kabla hujamaliza, na ya mwisho ni ya kuhakiki zilizotangulia. Badala ya mamilioni ya majaribio, 11,000 yanatosha. Mtu anaacha kompyuta yake usiku, asubuhi yumo. Hata bila WPS, neno la siri la tarakimu nane tupu lina michanganyiko milioni 100, na anayenasa salamu ambayo simu na ruta hupeana wakati wa kuunganishwa anaweza kwenda kulijaribu kwake kimyakimya. Kadi nzuri ya michoro inaimaliza yote ndani ya dakika chache. Na 12345678 hata kadi haihitaji. Wale mnaotumia namba ya simu kama neno la siri, najua mpo, hali yenu si nzuri kuliko yangu.

Kinachonichemsha ni kwamba hakuna kipya hapa. Mirai, ile programu hasidi ya 2016, ilizunguka intaneti nzima ikibisha hodi kwenye kamera na ruta ikiwa na orodha ya majozi ya jina na neno la siri la kiwandani yanayozidi 60 kidogo tu. Sitini! Kwa hizo ikakusanya jeshi la vifaa lililotikisa mitandao mikubwa. Novemba mwaka huohuo jamaa zake wakagonga ule mlango ambao kampuni za intaneti huutumia kusimamia ruta za wateja kwa mbali, na Ujerumani wateja wapatao 900,000 wakabaki bila huduma. Uingereza tangu 29 Aprili 2024 ni kosa kisheria kuuza kifaa cha nyumbani cha intaneti chenye neno la siri la kiwandani la aina hii ya admin. California walishaanza kubana tangu Januari 2020. Halafu kuna mtu na kitambulisho chake shingoni anapita nyumba hadi nyumba akiacha admin na 12345678, na bosi wake anamlipa.

Nikapiga tena nikiwa na ushahidi, picha za skrini zote. Nikapandishwa kwa msimamizi. Nilitegemea niombwe radhi. Nikaambiwa hivi: "Mteja hapaswi kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio. Ni kinyume cha masharti." Khaa! Mwizi kaingia bila masharti, mimi mwenye nyumba ndiye nimevunja sheria?

Basi nikaamua kuriseti mwenyewe. Nikachokonoa kile kitundu cha nyuma kwa sindano, nikashikilia mpaka taa zote zikazimika na kuwaka upya. Na hapa nilifanya kosa ambalo sitaki mtu mwingine alifanye. Kuriseti kunafuta kila kitu, pamoja na jina na neno la siri la laini yenyewe, yale ambayo ruta hutumia kujitambulisha kwa kampuni. Kwangu hayajirudishi yenyewe. Taa ya intaneti ikawa nyekundu, na mimi sikuyaandika popote kwa sababu sikuwahi kupewa. Siku mbili bila intaneti. "Lazima fundi aje." Fundi yupi, yule wa kibandiko? Wa tatu niliyempata simuni ndiye aliyekuwa mtu, akanisomea herufi moja moja, tukamaliza kwa dakika nne. Huyo dada apandishwe cheo.

La pili: riseti inairudisha ruta jinsi ilivyotoka kiwandani, yaani admin na admin, WPS imewashwa, milango wazi kama mwanzo. Kwa hiyo kabla ya kuchomeka waya wa laini, malizeni mipangilio kwanza. Mimi waya wa laini niliuchomoa kwanza, nikaunganisha laptopu kwa waya wa mtandao, nikabadilisha neno la siri la ukurasa wa mipangilio, nikazima WPS, nikazima usimamizi wa mbali, nikazima UPnP pia (inayoviachia vifaa vya ndani vijifungulie milango ya ruta vyenyewe) maana hakuna anayeihitaji hapa kwangu. Wi-Fi nikaiweka WPA2, aina ya kufuli la Wi-Fi, na sentensi ndefu ya kipuuzi ambayo mtoto ameikariri kwa kicheko. Neno hilo linaruhusu hadi herufi 63, hakuna aliyekulazimisha uishie nane. Kisha ndiyo nikachomeka waya, na jambo la kwanza likawa kusasisha programu ya ndani ya ruta. Iliyokuwemo ilikuwa ya 2019. Tangu ifungwe hakuna aliyeigusa isipokuwa mwizi.

Maneno ya siri ya benki na barua pepe tumebadilisha yote, tukiwa kwenye data ya simu.

NYONGEZA 1: Mkuu uliyeniambia nifiche jina la Wi-Fi, nashukuru ila hapana. Ukilificha, simu zako ndizo zinazozunguka zikiliita kwa sauti kila zinakokwenda, na mwenye kifaa cha kunasa analiona palepale mmoja wenu akiunganisha. Na wewe uliyesema niruhusu anwani za MAC ninazozijua pekee (namba ya utambulisho ya kila kifaa), hizo anwani zinapita hewani bila kufichwa, mtu anaiga ya simu yako anaingia. Si dhambi kuziweka, ila usilale usingizi kwa sababu yake.

NYONGEZA 2: Kuhusu WPA3, kufuli jipya la Wi-Fi baada ya WPA2, ndiyo, ipo tangu 2018 na ni bora, yale mambo ya kunasa salamu na kwenda kubahatisha nyumbani inayazuia. Ruta yangu haina. Kama yako inayo na kuna simu ya zamani inagoma, tafuta chaguo la WPA2 na WPA3 kwa pamoja. Usirudi WEP, lile kufuli la kale, tafadhali, hiyo ilishavunjwa tangu 2001.

NYONGEZA 3: Wanaouliza wageni wafanyeje. Kuna mtandao wa wageni kwenye ruta nyingi, una jina lake na neno lake la siri, na mgeni anapata intaneti bila kuona vifaa vyenu. Kama ukiwekwa sawasawa, lakini. Kwenye yangu kulikuwa na kisanduku cha kuruhusu wageni wafike mtandao wa ndani, kimeshatikiwa tayari. Nimekitoa. Ile kamera-ya-geti sijaiona tena, na jirani yangu mmoja siku hizi ananisalimia kwa mkato.

NYONGEZA 4: Kampuni imenitumia ujumbe: "Tunafurahi tatizo lako limetatuliwa. Tafadhali ipe huduma yetu nyota." Dakika kumi baadaye fundi kanipigia, kwa namba ileile ya kibandiko. Ametumwa na ofisi, anasema, nimtumie neno la siri jipya ili aliweke kwenye kumbukumbu zao. Nikamuuliza kumbukumbu hizo zinafunguliwa kwa neno gani. Akacheka. Nimekata simu.