Naomba ushauri: spika zinanguruma nikichomeka chaji
Wakuu, habari za leo. Niko Tanga, Ngamiani. Marehemu mzee aliacha CD za taarab ya hapa hapa kwetu, vikundi vya Black Star na Lucky Star. Nimezihamishia kwenye laptopu kwa FLAC (faili la muziki lisilopoteza ubora), nikanunua DAC ya mtumba (kifaa cha kugeuza sauti ya kidijitali kuwa ya analogi), nikaiunga na laptopu kwa waya wa USB, kisha na amplifaya ya mzee.

Sauti imefunguka jamani, gitaa unalisikia mpaka uzi unavyoguswa. Shida ni nikichomeka chaji ya laptopu: spika zinaanza "mmmm" kama friji bovu. Nikichomoa, kimya. Fundi wa mtaani kasema DAC imekufa. Siafiki, mbona kwa betri iko safi? Nahisi ni ethi (waya wa ardhini), umeme unazunguka kupitia USB.

Waya wa mwanga (optical), unaopitisha sauti bila umeme, ungemaliza kesi, ila laptopu yangu haina tundu lake. Kuna aliyetumia kile kifaa cha kutenganisha umeme kwenye USB? Kinapunguza ubora?

Na Windows imejiwekea 48000 Hz (idadi ya sampuli za sauti kwa sekunde) wakati CD ni 44100. Nibadilishe, au najisumbua bure?