Nyota ya waya: vipeo 20 au 32?

FundiWaya, Kamukunji
Wazee, nisaidieni. Mwalimu mmoja wa hisabati ameniletea oda ya nyota ya waya ambayo nyuso zake 12 ni nyota za ncha tano. Karatasi yake inasema kingo 30, vipeo 20. Nimekata nyaya 30, nimeziunganisha, lakini nikihesabu viungo napata 32! Ncha za nje ni 20 kweli, kila moja nyaya tatu. Ila ndani kuna mahali 12 ambapo nyaya tano zinakutana, na hapo solda imevimba kama jipu. Tena anasema nyota 120 za hivi zikiungana kwenye dimensheni ya nne zinatoa umbo moja lenye vipeo 600. Mbona 120 mara 20 ni 2,400? Sitaki kumkabidhi kitu chenye makosa.

MamaHesabu, Buruburu
Fundi, viungo 32 umehesabu sawa, ila vipeo ni 20 tu. Chora nyota ya ncha tano bila kuinua kalamu. Mistari inakatana mara tano, lakini kalamu unaigeuza kwenye ncha tu. Kipeo ni pale ukingo unapoishia. Kwenye zile sehemu 12 za ndani nyaya zinapita tu, hazina habari na wenzao. Usizichomelee.

Na ile 2,400: kila kipeo kinashirikiwa na nyota nne, kwa hiyo gawanya kwa nne. Kingo 3,600 (120 mara 30), kila mmoja ni wa nyota tatu, gawanya kwa tatu, upate 1,200. Nyuso 1,440 (120 mara 12), kila mmoja ni wa nyota mbili, gawanya kwa mbili, 720.

Kijana_Umoja
Halafu vipeo 600 − kingo 1,200 + nyuso 720 − nyota 120 ni sifuri. Idadi zote hizo ni zilezile za umbo lisilojipenya la dimensheni ya nne, lililoundwa kwa dodekahedroni 120 (maumbo ya nyuso 12 za pembetano)! Mwanahisabati Ludwig Schläfli wa Uswisi alikubali maumbo manne tu ya nyota ya aina hii ya dimensheni ya nne. Yale ambayo sehemu zake hazikutii kanuni ya Euler (kwa umbo la dimensheni tatu, vipeo − kingo + nyuso = 2) aliyakataa. Mwanahisabati mwingine, Edmund Hess, akayafikisha kumi mwaka 1883, na mimi niko upande wa Hess kabisa.

FundiWaya, Kamukunji
Asante sana mama, asante kijana. Nimeyeyusha solda yote ya ndani. Sasa kila waya umelala juu ya jirani yake, na katikati ya zile tano kumebaki kitundu cha pembetano, kidogo kuliko punje ya mchele. Ncha 20 nimezipaka rangi nyekundu, mwalimu azihesabu mwenyewe Jumamosi.