Fomu ya mbio za klabu: niulize nini, niache nini?

Wa Ligula: Wakuu habari zenu. Klabu yetu ya jogingi hapa Mtwara mjini tunaandaa mbio za kwenda Mikindani, mara ya mwisho tuliandikisha kwenye grupu la WhatsApp ikawa vurugu tupu, mtu anatuma jina hatumi saizi ya tisheti, tukabaki na XL kibao na vijana wenyewe ndo hawa wembamba. Sasa nimetengeneza Google Form ya maswali 22, hadi namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) nimeuliza, wanafungua wengi wanaomaliza wa kuhesabu. Nakosea wapi?

Mdau Shangani: 22?? Kaka hiyo fomu au usaili wa kazi 😂 Jina, simu, umri, jinsia, umbali, saizi, na namba ya ndugu wa kupigiwa mtu akianguka njiani, basi. NIDA ya nini, tarakimu 20 azichape kwenye kioo kilichopasuka? Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, usikusanye usichohitaji.

Niko Newala: Saizi iwe ya kuchagua, ukiacha waandike utapata "ya kati", "kama ya kaka". Na ukipakua majibu kama faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) ukalifungua na Excel ile sifuri ya mwanzo ya simu inaruka, ilishanitesa.

Mama Jogingi: Wenye vitochi, simu za batani zisizofungua fomu, je? Chapeni na za karatasi, maswali yaleyale, kijana mmoja akae nazo sokoni. Malipo ombeni namba ya muamala, picha za skrini hazisomeki.

Wa Ligula: Nimepunguza zimebaki 8. NIDA nimetoa, aibu yangu.