Stajeni kwenye mabwawa ya Muheza: joto letu linamfaa? Na ni kweli ufugaji umemwokoa mtoni?

MabwawaMuheza

Habari wana jukwaa. Kikundi chetu kinafuga perege na kambare, maji tunachepusha kutoka kijito kinachoingia mto Zigi. Tumeletewa pendekezo la kufuga stajeni, yule samaki wa kaviari, yaani mayai yake yanayoliwa kwa bei kubwa. Mleta pendekezo anasema ufugaji ndio uliomwokoa samaki huyo katika mto Danubi kule Ulaya, kwa hiyo na sisi tutakuwa wahifadhi. Wenye ujuzi naomba mnisaidie: atastahimili joto letu? Na hilo la uhifadhi lina ukweli?

FundiVifaranga

Mkuu, kwa Muheza joto peke yake linafunga hesabu. Stajeni wa Siberia, anayefugwa sana kwa kaviari, hukua vizuri maji yakiwa nyuzi 18 hadi 22. Yakipita 25 anapunguza kula, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo wakati mwili wake unaidai zaidi. Yeye anataka walau miligramu 6 kwa lita, saa zote. Bwawa la udongo lililojaa ukijani hushuka chini ya hapo alfajiri. Kambare atapanda juu kuvuta hewa, stajeni atakufa.

Halafu kuna mayai. Jike huhitaji kipindi cha maji baridi, chini ya nyuzi 10 hivi, ili mayai yakomae. Akikikosa, mayai hulainika au hufyonzwa tena mwilini, nawe umeshamlisha miaka saba au nane. Madume hutambuliwa kwa mashine ya ultrasaundi wakifika miaka mitatu hivi, kwa sababu kwa nje hawatofautiani na majike. Miaka yote hiyo ya mwanzo unalisha kundi ambalo nusu yake haitatoa kaviari.

MabwawaMuheza

Asante sana. Na tukipandisha mradi Lushoto kwenye baridi?

FundiVifaranga

Huko ndiko wazo linaanza kuwa na miguu. Madagascar wanafuga stajeni ziwa Mantasoa, nyanda za juu, na walianza kwa kuagiza mayai yaliyokwisha kurutubishwa. Lakini mito ya Lushoto haishuki hadi baridi ya kukomaza mayai, hivyo utahitaji chumba cha kupoza maji kwa ajili ya majike. Ukitumia matangi yenye mfumo wa kuzungusha maji, weka jenereta inayojiwasha yenyewe pamoja na mitungi ya oksijeni. Umeme ukikatika kwenye tangi lililojaa, ndani ya saa moja unaweza kupoteza kundi zima. Kichujio cha bakteria nacho kipewe wiki kadhaa kikomae kabla samaki hawajaingia, la sivyo amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu wa samaki wenyewe, zitawaua mapema.

MtoNiMmoja

Nijibu la uhifadhi, maana hapo ndipo mnapotoshwa. Ufugaji haujamwokoa stajeni wa Danubi.

Wengi wa samaki hao hukulia Bahari Nyeusi, kisha hupanda mto kutaga kwenye changarawe. Mabwawa ya umeme ya Iron Gate, mpakani mwa Serbia na Romania, la kwanza mwaka 1972 na la pili 1984, yaliwafungia njia kilomita zipatazo 860 kutoka baharini. Zamani beluga, stajeni mkubwa kuliko wote, alifika hadi Vienna, Austria, na kupita. Jike wa beluga huchukua miaka zaidi ya 15 kabla ya kutaga mara ya kwanza, na baada ya hapo hatagi kila mwaka. Kwa samaki wa namna hiyo nchi moja ikizuia uvuvi na jirani akavua, kizazi kinakatika. Romania ilipiga marufuku mwaka 2006, na bado ujangili unaendelea.

Tangu 1998 stajeni wote wamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Kopo la kaviari linaloingia biashara ya kimataifa lazima liwe na lebo ya jamii ya samaki, chanzo (C ni wa kufugwa, W ni wa mtoni), nchi, mwaka na namba ya kiwanda. Shamba halali hupunguza shinikizo la soko, ni kweli, lakini kaviari ya wizi nayo hupitishwa kwa jina la shamba.

Kuzalisha kwa ajili ya kurudisha mtoni ni kazi nyingine kabisa. Wazazi watoke mto huohuo, vifaranga vya kila jozi vitunzwe mbali na vya wengine, walelewe kwenye maji ya mto wenyewe ili wayakumbuke, na kila mmoja atiwe alama kabla ya kuachiwa. Stajeni wa Siberia waliotoroka mashambani wameshazaliana na sterlet, stajeni mdogo wa asili wa Danubi ya juu, na mbegu ya pale imechanganyika.

PeregeAsili

Hilo la mwisho linatuhusu hapa hapa Tanga, na linaniuma zaidi kuliko stajeni. Zigi na Pangani zina perege wa asili, Oreochromis korogwe, aliyepewa jina la mji wetu. Sato, yaani perege wa mto Nile anayeletwa kwa ajili ya mabwawa, akitoroka huzaliana naye, na chotara wana uwezo wa kuzaa. Bonde la Pangani tunalishirikiana na Kenya kupitia Jipe na Chala, kwa hiyo kosa la mabwawa ya upande mmoja linavuka mpaka.

Sato halisi ana mistari wima iliyo wazi kwenye mkia, ila chotara huwezi kumtambua kwa macho. Kata kipande kidogo cha pezi, kitie kwenye spiriti ya asilimia 95, umwone afisa uvuvi wa wilaya akuelekeze kwa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, kwa kipimo cha vinasaba. Mkipata wazazi safi, anzeni na madume 25 na majike 25 wanaozaa kweli. Mkizalisha kwa wachache, udhaifu wa kuzaliana ndugu utaonekana vizazi vichache mbele. Na msichague wakubwa tu.

Kwenye bomba la kutolea maji wekeni wavu mpana wa kuzuia majani, kisha wa milimita moja, kisha shimo la mchanga na kokoto. Wavu mwembamba ukiwa peke yake huziba usiku wa mvua, maji yanapanda juu ya tuta, na vifaranga wanaishia mtoni. Tuta lipite alama ya mafuriko makubwa ya masika kwa nusu mita. Huyo mleta pendekezo mwambieni aonyeshe kibali cha kuingiza samaki hai chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003, kabla hamjatoa hata shilingi.